Maafa yakitokea ng'ambo, chuo cha Mombasa kianzie wapi? Mwongozo wa ofisi, wahadhiri na viongozi wa wanafunzi

Mwongozo huu ni wa watu wa ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi, wahadhiri na viongozi wa chama cha wanafunzi katika vyuo vikuu vya Mombasa, kuanzia Tudor hadi yale matawi ya katikati ya mji yaliyopangishwa ghorofani juu ya maduka. Unahusu siku ile habari inapoingia kwamba kimbunga kimepiga Komoro au ardhi imetetemeka Uturuki, na kabla ya adhuhuri kila kundi la WhatsApp la chuo limejaa picha, dua na nambari za kutumia pesa.

Rai yangu naitoa mapema. Chuo si shirika la misaada. Hakina mahema, hakina madaktari wa dharura wanaosubiri ndege. Kina watu wake na kina elimu yake. Kianze na watu wake, kifuatie na elimu yake, na michango ipite mfereji mmoja ambao kila mtu anauona. Mara nyingi mambo huanza kinyume: taarifa ya rambirambi yenye nembo ya chuo inatoka asubuhi, sanduku la kukusanyia nguo linawekwa langoni mchana, na mwanafunzi ambaye hajampata mamake kwa simu tangu juzi yuko darasani anaitwa jina kwenye rejista kama kawaida.

Orodha iwepo kabla ya siku yenyewe

Maafa hayafuati kalenda ya chuo. Tsunami ya 2004 ilitokea Jumapili, tarehe 26 Desemba, sikukuu ya Krismasi haijapoa. Kimbunga Chido kilipiga kisiwa cha Mayotte Jumamosi, tarehe 14 Desemba 2024. Tetemeko la Uturuki na Syria la 6 Februari 2023 lilikuja saa kumi na dakika 17 alfajiri, na saa za Uturuki ni sawa na zetu, kwa hiyo walioamka Mombasa wakati ule ni waadhini na wauza mahamri. Siku kama hizo msajili yuko kwao, kompyuta ya ofisi imezimwa, na mwenye nywila yuko Taita kwenye harusi.

Kwa hiyo tengeneza orodha wakati wa usajili, wanafunzi wakiwa foleni na fomu mikononi. Iwe na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya wanafunzi na wafanyakazi walio hapa lakini wana jamaa wa karibu nje ya nchi. Ya pili ni ya watu wetu walio nje: mhadhiri anayesomea uzamifu, wanafunzi waliokwenda kwa mpango wa kubadilishana, aliyekwenda kongamano la siku tatu. Hawa wa kongamano ndio husahaulika, maana safari yao hujulikana na idara tu.

Usiitengeneze orodha kwa kuangalia pasipoti. Mwanafunzi mzaliwa wa Kibokoni, mwenye kitambulisho cha Kenya, anaweza kuwa na dada aliyeolewa Mamoudzou, kule Mayotte. Mwingine babake ni baharia. Uliza kila mtu swali moja: una mzazi, ndugu, mume, mke au mtoto anayeishi nje ya Kenya? Wapi?

Kisha nambari za simu. Fomu nyingi zinataka mtu mmoja wa karibu, na mwanafunzi Mkomoro humwandika babake aliye Moroni. Kimbunga kikipiga Moroni, nambari hiyo haina kazi. Omba nambari ya pili ya jamaa aliye nchi nyingine kabisa: shangazi wa Zanzibar, mjomba wa Dar es Salaam, kaka wa Marseille. Mara nyingi yule wa Marseille ndiye wa kwanza kupata habari za nyumbani.

Taarifa hizi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata kama sheria isingekuwepo, adabu ipo. Mweleze mwanafunzi inakusanywa kwa nini, na iwe mikononi mwa watu wawili tu, kila mmoja na nakala anayoweza kuifungua akiwa nyumbani siku ya sikukuu. Asiwe na nakala mwenyekiti wa chama cha wanafunzi. Anabadilika kila mwaka na simu yake ina mambo mengi.

Saa za kwanza: thibitisha, halafu piga simu

Kuthibitisha kusichukue muda mrefu. Kwa matetemeko, angalia taasisi ya jiolojia ya Marekani, USGS, ambayo hutoa mahali na ukubwa ndani ya dakika chache. Kwa vimbunga vya Bahari ya Hindi upande wetu, kituo cha Météo-France kilichopo La Réunion ndicho chenye dhamana ya kuvifuatilia na kuvitangaza. Idara yetu ya Hali ya Hewa nayo hutoa taarifa kama pwani ya Kenya itaguswa. Hayo matatu yanatosha. Video achana nazo. Za tsunami ya Japani ya Machi 2011 bado zinazungushwa kila bahari ikichafuka popote duniani.

Idadi ya waliokufa usiitamke siku ya kwanza wala ya pili. Makosa huja pande zote mbili. Baada ya Chido, mkuu wa serikali kisiwani Mayotte alisema waliokufa huenda wakawa mamia, pengine maelfu. Hesabu rasmi ikaishia karibu watu 40. Uturuki ilikuwa kinyume chake: asubuhi zilitangazwa kumi kumi na mamia, na mwisho wa hesabu Uturuki peke yake ikapita watu 50,000. Mwanafunzi aliye na watu wake huko anasikia kila nambari kama habari ya mamake.

Sasa simu. Gawaneni majina, mtu mmoja asizidi kumi. Apige mtu mzima anayejulikana na wanafunzi, si karani mpya. Maneno yawe machache:

"Salama mwanangu? Ni mimi, wa ofisi ya wanafunzi. Nimeona habari za kwenu. Je, umewapata nyumbani?"

Halafu nyamaza. Akisema amewapata, mshukuru Mungu pamoja naye na umuulize kama kuna wengine. Akisema bado, usimwambie "watakuwa salama tu." Huna hakika, na yeye anajua huna hakika. Muulize mara ya mwisho waliongea lini, nani mwingine yuko huko, na yeye mwenyewe yuko wapi na nani sasa hivi. Mwenye kukaa peke yake chumba cha kupanga Mishomoroni asilale peke yake usiku ule. Aende kwa rafiki, au rafiki aende kwake, na ofisi ihakikishe kwa simu ya pili kabla ya kulala.

Jambo moja dogo linalotuliza moyo kuliko nasaha nyingi: mweleze maana ya tiki. Ujumbe wa WhatsApp wenye tiki moja ya kijivu umetoka kwake ila haujafika kwenye simu ya pili. Maana yake simu imezima au mtandao haupo. Mayotte baada ya Chido umeme na mitandao ya simu vilikatika sehemu kubwa ya kisiwa, kwa hiyo tiki moja ilikuwa hali ya kila mtu, wazima na wasio wazima. Amwambie na jamaa aliye nchi ya tatu atume ujumbe mfupi wa kawaida, usiohitaji intaneti. Ujumbe mfupi hupenya pale simu ya sauti inapokataa, na haumalizi betri ya mtu asiye na pa kuchaji.

Kama siku zinapita na hakuna habari, mpeleke tawi la Mombasa la Msalaba Mwekundu wa Kenya. Wana huduma ya kuunganisha familia zilizopoteana, na mtandao wao unashirikiana na Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu za nchi nyingine. Aende na majina matatu ya anayemtafuta, majina ya wazazi wa mtu huyo, tarehe ya kuzaliwa hata ya kukadiria, mtaa alioishi, na siku ya mwisho waliyowasiliana. Mwende pamoja naye. Kwa Wakenya walioko huko, ipo pia Wizara ya Mambo ya Nje na idara yake ya diaspora.

Hapa ninataka tusimame kidogo, kwa sababu ofisi yenye nia njema inaweza kudhuru. Watu wengi wa Nzwani na Ngazija, visiwa vya Komoro, wanaishi Mayotte bila karatasi, na Mayotte iko chini ya Ufaransa. Wakati wa Chido iliripotiwa kwamba baadhi yao hawakwenda kwenye majengo ya kujihifadhi wakiogopa kukamatwa na kurudishwa. Mtu wa namna hiyo hatakuwa kwenye orodha yoyote ya serikali, na ukipeleka jina lake na mtaa wake ubalozini bila kumuuliza nduguye aliye hapa, umemchongea. Uliza kwanza: "Kuna tatizo tukitaja jina lake kwa serikali?" Akisita, mwachie aamue yeye na wazazi wake.

Taarifa ya chuo

Iwe fupi, na iseme kitu ambacho mtu anaweza kukifanyia kazi. Kwa mfano:

"Chuo kimepata habari za kimbunga kilichopiga Komoro jana usiku. Mwanafunzi au mfanyakazi mwenye jamaa huko apige simu au afike ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi. Kutakuwa na mtu hadi saa nne usiku, leo na kesho. Atakayekosa darasa au jaribio wiki hii kwa sababu hii haulizwi barua kwa sasa. Habari za michango zitatangazwa Jumatano. Kabla ya hapo chuo hakijafungua akaunti yoyote."

Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, maana nambari za matapeli huanza kuzunguka siku ile ile. Picha ya Naibu Chansela haihitajiki.

Darasa, mitihani, karo

Msajili atoe waraka mmoja kwa wakuu wa idara: walioathiriwa wana ruhusa ya wiki mbili, majaribio yao yatarudiwa, na asiyeweza kukaa mitihani ya muhula atapewa mitihani maalum bila kuhesabiwa kama aliyefeli. Jina la mwanafunzi liende kwa wahadhiri wake tu. Hana haja ya kueleza msiba wake upya mbele ya kila mlango, mara nne kwa mihadhara minne.

Anayelipiwa karo na mzazi aliyepoteza duka au mashua apewe mpango wa kulipa kidogo kidogo, tena kwa maandishi, kwa sababu mfumo wa kompyuta hauna huruma na utamzuia kusajili masomo Januari. Na akiahirisha muhula, angalieni kibali chake cha mwanafunzi cha Uhamiaji kinaisha lini. Asije akatoka kwenye msiba akaingia kwenye kesi.

Dua, misa na matanga

Haya watu wa Mombasa hawahitaji kufundishwa, ila kuna mawili. Wanafunzi Waislamu watataka swala ya ghaibu kwa waliozikwa mbali. Wanazuoni wametofautiana kuhusu swala hii. Madhehebu ya Shafi, ambayo ni ya wengi pwani, inairuhusu. Mwachieni imamu wa msikiti wa chuo aamue, ofisi isipange. Pili, msifanye ibada moja ya pamoja kwa kuwa inapendeza kwenye picha. Kila kundi lisali lisalivyo, halafu kuwe na mahali pamoja pa kukaa baada ya hapo: mkeka, kahawa chungu, tende. Waliofiwa wanataka watu wa kukaa nao. Mshauri nasaha wa chuo naye aje akae mkekani kama mtu mwingine, atafikiwa na wengi kuliko akiwangoja ofisini.

Michango

Tumelelewa kwa harambee, tunajua kuchanga. Kunakoharibika ni kule pesa zinakopita.

Mfereji uwe mmoja: nambari ya Paybill ya chuo, na neno moja la kuandika kwenye sehemu ya akaunti, kwa mfano KOMORO. Isitumike simu ya mtu, hata akiwa mwaminifu namna gani. Kwanza, pesa za mchango na pesa zake za nauli zinakaa kapu moja na hata yeye mwenyewe atachanganyikiwa. Pili, akaunti ya M-Pesa ya mtu binafsi haibebi zaidi ya shilingi 500,000. Tatu, siku akiugua au simu ikiibwa feri ya Likoni, mchango wote umekwenda na maji.

Wateueni watu watatu wa kuidhinisha: mmoja wa idara ya fedha, mmoja wa wafanyakazi, mmoja wa wanafunzi. Kila jioni mweka hazina abandike jumla kwenye ubao na kwenye kundi, bila majina ya wachangiaji. Mwanafunzi aliyetoa shilingi 20 asilinganishwe na mhadhiri aliyetoa 5,000, na asiyetoa asijulikane. Mishahara isikatwe bila mtu kutia saini. Wekeni na tarehe ya kufunga, siku 14 zinatosha. Mchango usio na mwisho huacha kuaminika.

Kwenye mchango wa Mombasa watakuwepo wanaotaka kutoa zaka. Ipokeeni kwa neno tofauti la akaunti na ikae mbali. Zaka ina watu wake wanane, waliotajwa katika Surat Tawba aya ya 60, na haiwezi kununulia chuo rafiki kompyuta. Sadaka ina nafasi pana zaidi. Mchango ukishachanganywa hauchambuliki tena, na atakayeulizwa siku ya kiyama ni mweka hazina.

Pesa ziende wapi? Amueni kabla ya kukusanya na muwaambie watu. Njia iliyo salama kwa chuo kidogo ni kupitia Msalaba Mwekundu wa Kenya, kwa maandishi kwamba ni za maafa fulani. Njia ya pili ni chuo rafiki kilichoathiriwa, mkiwa tayari mna makubaliano nacho. Kabla ya kutuma, ulizeni benki kama nchi hiyo iko chini ya vikwazo. Mwaka 2023 benki nyingi zilisita kupeleka fedha Syria, hata za misaada, wakati Uturuki ng'ambo ya mpaka zilipita bila shida.

Nguo, vyakula na dawa: hapana

Hatua hii ni ya kukataa, na ndiyo ngumu, kwa sababu anayekuja langoni na mfuko wa nguo amekuja kwa moyo safi.

Mombasa ni mji wa bandari. Sisi ndio tunaojua kontena ni nini. Anayedhani kupeleka robota kumi za nguo ng'ambo ni jambo la kupakia na kuaga, amuulize wakala yeyote wa forodha pale Kilindini: nauli ya meli, karatasi za kutoka hapa, karatasi za kuingia kule, ada za kila siku kontena likikwama bandarini kwa sababu stakabadhi moja imekosewa herufi. Na bandari ya kule, kama bado imesimama, inahitajika kwa maji, mafuta na vyombo vya hospitali. Ukishajumlisha gharama zote, kila fulana uliyoitoa bure imekuwa ghali kuliko fulana mpya inayouzwa huko huko.

Baada ya tsunami ya 2004 nguo zilirundikana Sri Lanka na Aceh hadi kando ya barabara, mvua zikazinyeshea. Dawa zilikuwa mbaya zaidi. Aceh ilipokea tani 4,000 hivi za dawa. Nyingi hazikuombwa na mtu, nyingine zilikuwa na maandishi ambayo wahudumu wa huko hawakuweza kuyasoma, na kuzichoma salama ni gharama juu ya gharama. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka dawa za msaada ziwe zimeombwa na ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake zinapofika. Mabaki ya Amoxil ya kabatini kwako hayatimizi hata moja.

Kwa hiyo mlinzi wa lango apewe la kusema: "Ahsante mama, nguo hatupokei. Ukiziuza Kongowea na ukatuma hizo pesa kwa nambari hii, zitafika." Baadhi ya vilabu vya wanafunzi wanaweza kuandaa mnada wa nguo hizo hapo hapo uwanjani. Hilo ni jambo zuri na linachangamsha chuo.

Vivyo hivyo kwa wanafunzi wanaotaka kusafiri kwenda kuokoa. Wanaofukuliwa wakiwa hai kwenye vifusi wengi huokolewa na majirani zao katika siku za mwanzo, kabla hata timu za nje hazijatua. Kijana asiye na mafunzo, asiyejua lugha, anayehitaji chakula, maji na pa kulala, ni mzigo mwingine kwa watu waliokwisha kuelemewa.

Elimu yenu ndiyo msaada wenu

Hapa ndipo chuo kinaweza kutoa kitu ambacho kundi la WhatsApp la kuchangia harusi haliwezi.

Ramani. Mashirika ya misaada yanapoingia vijijini hukuta ramani tupu: barabara moja na jina. Tangu tetemeko la Haiti la Januari 2010, watu wa kujitolea duniani kote wamekuwa wakichora nyumba na njia kwa kufuata picha za satelaiti, kwenye ramani huru ya OpenStreetMap, na kundi la Humanitarian OpenStreetMap Team ndilo linalogawa kazi. Maabara ya kompyuta yenye mashine 20 na intaneti ya kawaida inatosha. Fanyeni hivi:

1. Siku moja kabla, kila mshiriki ajisajili OpenStreetMap kwa barua pepe yake. Msipoteze saa ya kwanza mkisubiri jumbe za uthibitisho.
2. Fungueni ukurasa wa kugawa kazi wa kundi hilo na mtafute kazi ya nchi iliyoathiriwa iliyoandikwa kwa wanaoanza. Kama haipo, msibuni yenu. Fanyeni kazi ya nchi nyingine, mazoezi hayapotei.
3. Eneo limekatwa miraba. Chagua mraba mmoja. Utafungwa kwa jina lako ili mwingine asichore juu yako. Ukichoka uache wazi kwa wengine, na useme ulipofika.
4. Chora msingi wa nyumba, si paa. Picha ikiwa imepigwa kwa pembeni, paa huonekana limesogea. Sogeza umbo lako mpaka lilingane na chini ya ukuta. Kisha bonyeza herufi Q, pembe zitanyooka.
5. Hifadhi kila baada ya nyumba kumi au ishirini. Umeme ni wa Kenya.
6. Wawili wenye uzoefu wakague kazi za wengine hapo hapo, kabla watu hawajaondoka.

Wanafunzi wa pwani wana jicho ambalo mchoraji wa Ujerumani hana. Paa la makuti kutoka juu hufanana na kichaka kikavu, na mchoraji asiyelijua hulipita. Vijiji vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ambako Chido kiliua zaidi ya watu 100 siku moja baada ya Mayotte, vina nyumba chungu nzima za namna hiyo chini ya mikorosho na minazi. Aliyekulia Msambweni ataziona.

Lugha. Kusini kwetu, kuanzia Palma ya Cabo Delgado hadi visiwa vya Komoro, kuna watu wanaozungumza Kiswahili, Kimwani (lugha ya pwani hiyo ya Msumbiji) na Kikomoro. Idara ya lugha inaweza kutafsiri ujumbe wa afya, hasa wa kipindupindu, ambacho kililipuka Beira, Msumbiji, wiki chache baada ya Kimbunga Idai cha Machi 2019. Ujumbe wenyewe huwa mfupi: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, mgonjwa anywe kidogo kidogo akipelekwa hospitali. Ila tafsiri ya Kimwani ifanywe na Mmwani. Mswahili wa Mombasa ataielewa nusu na nusu nyingine ataikisia, na katika chumvi na sukari hakuna kukisia. Pelekeni kazi kwa shirika lililoiomba.

Mhadhara wa jioni. Wiki ya pili, mji utaanza kuuliza: na bahari yetu je? Fungueni ukumbi na muwaalike watu wa Idara ya Hali ya Hewa na wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari iliyopo hapa hapa Mombasa. Wavuvi wa Likoni, wapiga makasia na walimu wa madrasa waalikwe kwa majina. Waelezwe kwamba vimbunga hupata nguvu za kuzunguka mbali kidogo na Ikweta, ndiyo maana Mombasa iliyo digrii 4 kusini huviona kwa nadra. Lakini Mei 2024 Hidaya ilifika karibu na Mafia, na hapo si mbali. Waelezwe pia kwamba mwaka 2004 tetemeko lilitokea Sumatra saa kumi kasoro dakika moja alfajiri kwa saa zetu na mawimbi yakafika mchana, fukwe zikiwa tayari zinaondolewa watu. Kenya ilipoteza mtu mmoja. Somalia, ambako onyo halikufika, ilipoteza karibu 300. Mhadhara uwe wa Kiswahili, maswali yawe mengi kuliko slaidi.

Miezi inayofuata

Kamera zikishaondoka, chuo rafiki ndipo kinaanza kuhitaji marafiki. Waandikieni mkuu wa idara mwenzenu, swali moja tu: mnahitaji nini muhula huu? Msiwapelekee orodha ya mnayotaka kuwapa. Huenda wakaomba msimamizi wa tasnifu kwa mwanafunzi aliyepoteza wake, au nafasi ya kutumia maabara, au vitabu vya kielektroniki. Hayo hayataki kontena.

Taarifa ya michango itoke ndani ya miezi mitatu: tulikusanya kiasi hiki, benki ilikata hiki, kilifika hiki, stakabadhi hii hapa. Ibandikwe pale pale zilipokuwa zikibandikwa jumla za kila jioni.

Na kuna kundi moja linalorudi kimya kimya. Baada ya tetemeko la 2023, Uturuki ilihamishia masomo ya vyuo vikuu mtandaoni na mabweni ya serikali yakapewa walionusurika. Mwanafunzi wa Mombasa anayesoma huko akirudi nyumbani katika hali hiyo, anahitaji meza, soketi na intaneti isiyokatika katikati ya somo. Kumhamishia masomo yake hapa ni safari ndefu yenye kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na huenda hata yeye mwenyewe haitaki. Mpeni kadi ya maktaba ya muhula mmoja bila malipo. Majina ya wenye kadi hizo yapelekwe kwa mlinzi wa lango siku hiyo hiyo, maana yeye ndiye atakayemrudisha mtu asiye na kitambulisho cha chuo, na atakuwa anafanya kazi yake.